Kiganja Kilichopungua

Siku ya kuhesabiwa, kijiji kiliamka kabla ya watu wake. Kuta zilitangulia. Zilijinyoosha, zikajikung'uta vumbi la ngano, zikageuza nyuso barabarani kumngoja Karani. Watu walipotoka nje wakipiga miayo walizikuta zimesimama wima kuliko jana, kama askari wanaosubiri kukaguliwa. Hakuna aliyeshangaa. Katika nchi ile zilizokuwa zikihesabiwa ni kuta. Watu walikuwa wanaishi tu.

Gomati alipita mbele ya kuta zile na mtungi kichwani. Kila ukuta ulimwangalia kama mlango unavyomwangalia upepo: unapita, haukai. Alikwishazoea. Alikuwa ameolewa kijijini hapo muda mrefu kiasi kwamba miti ya mwarobaini aliyoikuta michanga sasa ilimpa kivuli, na bado watu wakimtaja walisema "yule wa kutoka kule". Kule penyewe hapakuwapo tena.

Desturi ilikuwa hivi. Kumnyooshea mtu kidole na kumhesabu ni kumwonyesha mauti njia ya kwake. Kwa hiyo wazee wa zamani walikubaliana kwamba mtu asihesabiwe mwili, ahesabiwe kiganja. Mtoto wa kiume akisimama kwa miguu yake mara ya kwanza, kiganja chake huchovywa katika udongo mwekundu uliochanganywa na manjano, kikabandikwa ukutani kando ya mlango wa baba yake. Akifa, mkewe hukiosha kwa maziwa mpaka ukuta urudi mtupu. Serikali ilipoanza kumtuma Karani, wazee walimwambia: hesabu viganja. Karani alifurahi. Kiganja hakikimbilii shambani unapokitafuta, hakidanganyi umri wake, wala hakikuulizi hesabu hii ni ya nini.

Na mtoto wa kike? Mtoto wa kike ni mgeni. Anakula kwenu, analala kwenu, anakuchekea asubuhi, lakini ukuta wake uko kwingine, kwa mume atakayempata, kwa hiyo haifai kumchafulia baba yake ukuta. Akifika kwa mume huambiwa subiri kidogo, kiganja chako utakibandika ukizaa mwana wa kiume. Akimzaa, vema. Asipomzaa, basi yuko njiani, katikati ya kuta mbili, na njia haijawahi kuwa na wakazi.

Gomati alikuwa amezaa Munia. Munia alikuwa ameanza kung'oka meno ya mbele, na kila jino lililong'oka alilirusha juu ya paa akiliambia paa lirudishe zuri zaidi. Baba yake, Ramdhani, alikuwa amekwenda mjini kwenye tanuri za matofali kabla meno hayo hayajaota. Hakurudi hata kuyaona. Lakini kiganja chake kilikuwa ukutani, kipana, chekundu, na kwa hesabu ya kuta Ramdhani alikuwapo nyumbani kuliko mkewe, kuliko bintiye, kuliko hata mwenyewe alivyowahi kuwapo.

Hapo ndipo Gomati alipokuwa akijiuliza, mtungi kichwani, maji yakimdondokea shingoni. Nani anasema kwamba mtu yupo? Yeye mwenyewe? Nasema nipo, na ukuta unasema hupo, na ukuta haujawahi kusema uongo. Au ni njaa inayosema? Njaa inanijua kwa jina. Homa inanijua. Kisima kinanijua uzito wa mikono. Lakini njaa na homa na kisima havina mhuri.

Hesabu iliyopita Karani aliwagawa watu kwa nyumba, kama sheria inavyotaka, akawatangazia kwamba kila nyumba ina watu watano na kipande. Watu walichekeana. Mmoja akauliza kipande hicho kinakula? Mwingine akauliza kinalala upande gani wa kitanda? Gomati hakucheka. Alikitambua. Kilikuwa kinateka maji, kinakamua nyati, kinapika chapati za watu watano, kisha kinakula chakula kikiwa kimepoa.

*

Uani, Mzee Bisesar alikuwa ameketi juu ya kitanda cha kamba. Alikuwa mkuu wa kijiji na baba mkwe wake Gomati. Mkamwana hazungumzi na baba mkwe ana kwa ana. Huzungumza na kitu kilicho karibu, na baba mkwe, kama masikio yake ni mazima, husikia. Katika nyumba hii kitu kilichokuwa karibu siku zote kilikuwa nyati wa maziwa.

"Nyati," Gomati alisema, akijivutia ncha ya sari usoni, "muulize baba mkwe kama atakunywa chai sasa au atamngoja mgeni."

"Nyati, mwambie nitamngoja," Bisesar alijibu, akimtazama mnyama machoni.

"Nyati, mwambie basi samli imekwisha, mgeni atakula chapati kavu."

"Nyati, mwambie Karani hajawahi kula kitu hapa. Anakula hesabu."

Kicheko kilitoka zizini. Kilikuwa cha Phulmati, binti wa Bisesar, wifi yake Gomati, aliyeachwa na mume akarudi kwao, akakuta kwao hapana mahali pake. Hakuwa na kiganja hapa kwa sababu aliolewa kule. Hakuwa na kiganja kule kwa sababu hakuzaa. Baba yake hakumfukuza. Alimwambia zizi lina nafasi. Tangu hapo alilala upande wa pili wa nyati, na majani makavu yalikuwa hayamtoki kwenye nywele.

"Maskini mnyama wa watu," Phulmati alisema, akitoka na beseni la samadi kiunoni. "Siku akichoka kupeleka salamu zenu akajibu mwenyewe, mtajificha wapi?"

"Wewe chunga ulimi," Bisesar akasema. "Leo si siku ya mzaha."

"Kwangu mimi ni siku gani, baba? Mimi sihesabiwi. Siku yangu ni kama jana."

Bisesar aligeuza uso. Alikuwa akitazama mwisho wa barabara, mahali ilipokuwa nyumba ya ndugu yake. Mvua kubwa ilikuwa imeuangusha ukuta wa nyumba ile pamoja na viganja vyake vyote, na wenye viganja walikuwa mjini wakichoma matofali ya kuta za watu wengine. Kiganja hakibandikwi na mtu asiye mwenyewe. Mzee aliwatumia ujumbe warudi. Ujumbe ulirudi peke yake.

Na serikali ilikuwa imechora mstari. Kijiji ambacho viganja vyake haviufikii mstari kiliandikwa Ardhi Tupu, na Ardhi Tupu ilikuwa mali ya Bwawa. Hili halikuwa tisho la mdomo. Kule alikotoka Gomati waliandikwa Ardhi Tupu, na sasa maji yalikuwa yamelala juu ya paa la mama yake, yametulia, safi, yanapendeza ukiyatazama kwa mbali. Kabla ya maji hayo Gomati alikuwa amewahi kurudi kule mara moja, mgongo umevimba kwa kipigo cha Ramdhani. Kaka yake alimpokea mlangoni kwa heshima zote, akampa maji ya kunywa, akamwonyesha ukuta. "Tafuta kiganja chako, dada yangu. Ukikiona, ingia." Aliutazama ukuta mpaka macho yakauma. Kisha akarudi alikotoka, na habari za Bwawa zilipomfikia hakujua alie au asilie, maana ataililiaje nyumba ambayo haikuwahi kuwa naye?

Lakini alijua jambo moja, na alilijua kama mtu anavyojua mahali jino linapouma gizani. Munia ataolewa. Siku moja Munia naye atarudi, mgongo ukiwa vyovyote utakavyokuwa, na atasimama mbele ya ukuta huu.

*

Karani alifika jua lilipokuwa juu ya mwarobaini. Alikuwa yule yule. Alikuja kila baada ya miaka kumi na hakuzeeka. Miaka yake alikuwa akiwaachia watu wa vijiji alivyopita. Mwavuli mweusi, viatu visivyoshika vumbi, na uso ambao ukiutazama unakumbuka mtu mwingine kila mara. Bisesar alimwona baba yake. Phulmati alimwona mume aliyemwacha, akatema mate pembeni. Gomati hakumwona mtu. Aliona mlango.

"Umri?" Karani alimuuliza akipita, kwa mazoea tu, kwa kuwa jibu lake halikuwa na pa kuandikwa.

Gomati alifungua kinywa kujibu, akasikia sauti ya msichana ikijibu badala yake. Ilikuwa sauti yake ya siku aliyoletwa hapa, bangili mpya zikimbana mkononi, hina haijakauka. Alipogeuka alimwona msichana yule amesimama kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nyuma ya msichana alisimama kikongwe mwenye macho yale yale, naye mguu mmoja ndani, mmoja nje. Wote watatu walitazamana. Hakuna aliyemkaribisha mwenzake, kwa sababu hakuna aliyekuwa mwenyeji.

"Haidhuru," Karani alisema, akaenda zake.

Akaanza kuhesabu. Alipita nyumba kwa nyumba, midomo ikicheza bila sauti, na wanaume waliobaki, wengi wao wazee na walemavu, walimfuata kwa nyuma kama wanaosindikiza jeneza. Viganja vilimpokea. Viganja vya waliokuwepo, viganja vya waliokuwa kwenye tanuri, viganja vya waliokwisha kufa mjini ambao wake zao hawajapata habari, na kwa hiyo maziwa yalikuwa hayajamwagwa na wafu walikuwa bado wakazi. Wanawake walisimama mbele ya milango, na Karani aliwaomba kwa adabu wasogee. Walikuwa wanaziba viganja.

Phulmati, beseni kiunoni, alikuwa akimfuata kwa mbali akiimba:

*Karani hesabu kuta, watu hawakuvutii,*
*Ukuta haujateta, na kiu hausikii.*

"Mnyamazisheni huyo," mzee mmoja akasema.

"Nani?" Phulmati akauliza. "Mnamsikia nani? Mimi sipo."

Nyumba ya Bisesar ilikuwa ya mwisho. Karani alihesabu viganja vya pale, akarudia, akaufunga mwavuli wake. Mbwa aliyekuwa akibweka akanyamaza.

"Kimepungua kimoja," alisema.

"Ukuta wa ndugu yangu ulianguka," Bisesar alisema. "Viganja vilikuwa pale. Kila mtu hapa anavijua."

"Ukuta ulioanguka ni udongo, mzee wangu. Udongo nitauhesabuje?"

"Basi nitabandika changu mara ya pili."

"Hicho kipo tayari. Ninakiona." Karani alisema bila ukali. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kama mizani: haina chuki na ndizi. "Nitakunywa maji, kisha nitaandika. Maji yakiisha kwenye kikombe na ukuta uko vile vile, nitaandika Ardhi Tupu."

Wazee wakakusanyika kando ya kitanda cha kamba wakanong'onezana. Minong'ono yao iliruka juu kama nzi, ikatua, ikaruka tena. Karani alikunywa taratibu. Mwishowe Bisesar alinyanyuka, akamwendea nyati, akaweka mkono juu ya pembe yake.

"Nyati," alisema, "mwambie mkamwana wangu aponde udongo. Aje na kiganja chake."

Wanawake waliokuwa wakitazama juu ya kuta za nyua walisahau kufunika nyuso.

"Ni kwa dharura," mzee mmoja aliharakisha kusema. "Mmoja tu. Isije ikawa mazoea."

*

Udongo mwekundu ulikuwa baridi. Gomati aliuponda katika sinia, akanyunyiza manjano, akatumbukiza kiganja cha kulia mpaka kifundo.

Baridi. Hii ndiyo baridi ya kuwapo. Miaka yote nimeingoja, nami nilidhani itakuwa moto.

Nikibandika, nitakuwa mtu. Kuanzia lini? Kuanzia sasa, au tangu mwanzo? Maji niliyoteka jana yatakuwa yametekwa na mtu, au na kipande? Kipigo nilichopigwa, kitakuwa kimempiga nani?

Wananitaka kwa sababu wamepungukiwa. Wangetosha wasingeniona. Basi si mimi wanayemtaka, wanataka tundu lao lizibwe. Hata hivyo. Hata hivyo, ukuta ni ukuta.

Aliinuka. Alipaona mahali pake, kando ya kiganja cha Ramdhani, pameachwa wazi miaka yote kama nafasi ya mtu aliyekwenda haja. Msichana wa kizingitini alikuwa akimtazama, na kikongwe alikuwa akimtazama. Mikono yao nayo ilikuwa ikidondoka udongo.

"Mama," Munia alisema. Alikuwa amesimama chini ya kiwiko chake, amevaa gauni la njano lililopauka. "Na mimi nitabandika wapi?"

"Kwako," Gomati alijibu, kama mama yake alivyomjibu yeye, na kabla ya hapo mama wa mama yake.

"Kwangu ni wapi?"

Gomati alimtupia Karani jicho. Kikombe cha Karani kilikuwa kimeinama.

"Mwambie, wifi," Phulmati alisema. Safari hii hakucheka. Alichomoa jani kavu nywelani, akalitazama, akalidondosha miguuni mwa Munia. "Mwambie kwake ni zizini. Nimeshamfagilia upande wangu."

Yapo maneno yanayoingia sikioni na yapo yanayoingia mifupani. Gomati aliishusha ncha ya sari kutoka usoni kwa mkono msafi. Akamgeukia Bisesar. Nyati aliinua kichwa kungoja ujumbe, lakini ujumbe haukupita kwake.

"Baba mkwe."

Mzee alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa hajawahi kuuona uso ule.

"Kiganja mlichopungukiwa kipo," Gomati alisema. "Lakini si hiki changu. Ni cha Munia."

"Mtoto wa kike ni mgeni," Bisesar alisema, akimwambia nyati.

"Usimwambie yeye, niambie mimi. Mgeni huwa ametoka mahali. Huyu ametoka wapi? Mimi nilimzaa nyuma ya mlango huo, na wewe ulikuwa umeketi hapo hapo, ukasema ni msichana, ukaomba chai."

"Nikimbandika huyu, kesho kila nyumba itataka."

"Kesho mtakuwa chini ya maji, au mtakuwa na kesho. Chagua."

"Mkamwana!" Sauti ya mzee ilipanda, kisha ikashuka yenyewe, maana alimwona Karani akigeuza kikombe kutikisa tone la mwisho. Bisesar aliwatazama wazee wenzake. Walikuwa wameinamia viatu vyao. "Mmoja," alisema. "Nimeahidi mmoja, na mmoja tu nitaweza kuwaeleza hawa. Wewe au yeye. Na ujue ukimpa yeye, wewe hutakipata tena. Hata ukizaa wana kumi."

"Nimesikia."

"Utakuwa hupo."

"Nimezoea. Yeye bado hajazoea."

Akamsogezea Munia sinia. Mtoto alitumbukiza kiganja, akacheka kwa ile baridi, akatazama juu. Viganja vya wanaume vilikuwa mbali na kimo chake, na Gomati hakutaka binti yake abandikwe chini mahali kuku wanapojikunia. Alimnyanyua kwa nyuma, mikono yote miwili, akamwinua mpaka usawa wa kiganja cha baba yake. Munia alibonyeza. Alibonyeza kwa nguvu zake zote, ulimi ukichungulia kwenye pengo la meno. Alipotoa mkono, kiganja kidogo kilibaki pale, vidole vimetanuka kama jua lililochorwa na mtoto.

"Ni cha nani?" mzee mmoja alimuuliza Karani haraka, akitumaini kitakataliwa.

"Siulizi cha nani. Nahesabu." Karani alisogea, akakitazama, midomo ikacheza mara moja. "Kimetimia."

Akaandika. Kijiji kilishusha pumzi, na vumbi likapaa kutoka juu ya kuta zote kwa pamoja. Mahali fulani, mbali, Bwawa liligeuka upande wa pili, likaendelea kulala. Wazee walikumbatiana. Bisesar aliketi juu ya kitanda cha kamba, akauangalia mkono wake kama kitu alichookota.

Gomati alimteremsha Munia, na Munia, kwa kuwa sasa alikuwa na kwao, alikimbia kwenda kuwaonyesha wenzake kisimani. Hapo ndipo Karani, aliyekwisha kufungua mwavuli, alisimama.

"Na kile?"

Watu waligeuka. Mgongoni mwa gauni la njano, katikati ya mabega, palikuwa na kiganja cha mtu mzima, chekundu, kibichi, kikiruka juu na chini kila hatua ya mtoto.

"Kipi?" Gomati aliuliza.

"Kile. Mgongoni."

"Kiko ukutani?"

Karani alifikiri. Ilionekana kuwa kazi ngumu kwake. Uso wake ulipoteza watu wote waliokuwamo ukabaki uso tu. "Hakiko ukutani," alikubali.

"Basi hakikuhusu."

Alinyoosha kidole kukifuata, kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumwona akikifanya, lakini kiganja hakikutulia. Kilipinda kwenye kona ya nyumba ya kwanza, kikatokea, kikapotea nyuma ya miwa. Alikuwa amefundishwa kuhesabu kila kitu kinachosimama. Aliteremsha kidole, akaondoka na idadi yake, na idadi ilikuwa sahihi.

Kizingiti kilikuwa kitupu. Msichana hakuwapo, wala kikongwe. Gomati aliinama kuunawa mkono kwenye hori la nyati.

"Usinawe," Phulmati alisema nyuma yake. Alikuwa ameweka beseni chini. "Haujakauka bado, sivyo, wifi?"

"Bado."

Phulmati alikusanya nywele zake, pamoja na majani yake makavu, akazipeleka mbele ya bega. Kisha akageuka, akampa mgongo.